Kurasa Zilizokatwa kwa Penseli Nyekundu

Chełm, 9 Oktoba 1994

Mjomba Czesław mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa kwa sababu ni wewe niliyekuibia. Lakini mama akijua nimeanza barua hivi bila salamu atanirudisha mezani niandike upya, kwa hiyo: shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Baba amemaliza kuchimba viazi vya bibi, mgongo umemkamata, analala sakafuni na kudai ni kwa hiari yake. Mama anasindika matango na uyoga, jikoni hakuna pa kuweka kiwiko. Nyonga yako inaendeleaje? Mama anasema ukijibu "vizuri," tujue ni mbaya.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa nane mama alinituma stoo ya chini kuleta chupa tupu. Nyuma ya chupa nilikuta jalada lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani mlikuwa na kurasa sitini zilizopigwa taipu, vichekesho vya jukwaani: "Czesław Bielak na Eugeniusz Malec, Szczecin, 1973." Kila ukurasa una muhuri wa ile ofisi ya serikali ya kukagua maandishi, na baadhi zimekatwa kwa penseli nyekundu. Nilikaa juu ya ndoo nikasoma mpaka mama akaniita mara ya tatu. Sikujua kwamba uliwahi kuandika. Hapa nyumbani husemwa tu kwamba ulikuwa karani wa bandari.

Unakumbuka Dansi la Siku Mia. Siku mia kabla ya mtihani wa mwisho tunacheza polonezi, ile dansi ya msafara, tunakula, halafu darasa linawaigizia walimu kichekesho kuhusu walimu wenyewe. Mwezi wa tisa ilibandikwa karatasi ya watakaokiandika. Jina langu lilikaa hapo peke yake wiki tatu. Nililiandika dogo sana. Siku moja nikakuta chini yake, kwa herufi za kuziba karatasi: "NA MIMI. LAKINI SIANDIKI, NASEMA TU. Marzena Pietruk."

Marzena hukaa dawati la nyuma na anaweza kusema kwa sauti ya mwalimu yeyote, hata ya mlinzi. Mama yake ana duka la kunyooshea mashuka karibu na stesheni, lile lenye mashine ya magogo mawili mazito yanayobana na kunyoosha mashuka. Tunafanya kazi hapo baada ya shule. Siku ya kwanza aliniuliza, "Haya, umeleta nini?" Sikuwa nimeleta kitu. Siku ya pili nilileta kurasa kumi na nne, zile bora kabisa za jalada lako, nimezinakili kwa mkono wangu. Nikasema nimeziandika mimi.

Alizisoma amesimama. Akasema, "Kinga, wewe ni hatari." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Naomba msamaha. Naomba ruhusa. Na, naona haya kuandika, naomba nyingine kama zipo. Niambie pia wewe na Bwana Malec mlifanyaje kazi wawili. Mimi sijui, na siwezi kulala vizuri kwa kutojua.

Mpwa wako,
Kinga


Szczecin, 30 Oktoba 1994

Mpwa wangu Kinga,

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Nyonga ni nzuri. Mwambie mama yako nimeandika hivyo. Uyoga aliotuma umefika salama, ila chupa moja imepitia kwa jirani yangu Halina, ambaye pia huchukua gazeti langu asubuhi na kulirudisha mchana likiwa limejazwa fumbo la maneno, nusu ya majibu makosa. Hapa mvua haikatiki.

Kumbe jalada lipo. Nilidhani lilichomwa. Chukua utakacho. Kubeba kurasa za miaka ishirini kutoka stoo ya mama yako si wizi, ni usafi.

Kuhusu kazi ya watu wawili. Chumbani kuwe na kiti kimoja. Aliyekaa anaandika, aliyesimama anasema, mkichoka mnabadilishana. Ni marufuku kusema "hii nzuri." Mtu anacheka au hacheki, basi. Kitu kikimchekesha mmoja peke yake, kilale mpaka kesho. Na jioni msindikizane, kwa sababu mambo mazuri huja mkishafunga mlango, na aliyekwenda kwake peke yake huyasahau kabla ya kufika.

Kuhusu Eugeniusz Malec sina la kuandika.

Swali moja tu: hizo unazoziita bora kabisa, ni kurasa zipi hasa?

Mjomba wako,
Czesław


Chełm, 20 Novemba 1994

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka siku hiyo hiyo. Baba amehamia kitandani. Bibi amekataa tena kuja kukaa nasi majira haya ya baridi kwa sababu ya kuku wake. Mama anauliza kwa nini tunaandikiana sana. Nimesema ni kazi ya shule, ambayo ni nusu kweli.

Mambo yameharibika. Tulizisoma kurasa dukani mbele ya wateja. Alhamisi alikuwepo Bi Stefania, aliyekuwa karani wa posta, amekaa na kapu lake akisubiri zamu. Marzena akamsomea ile ya jenerali anayekagua foleni ya nyama na kuivisha mifupa nishani. Aliisoma vizuri sana, kwa sauti tatu. Ilipoisha tukasikia mashine tu.

"Imeisha?" akauliza Bi Stefania.

"Imeisha, Bi Stefania."

"Mwanangu, hii ni ya kuchekesha au ni tangazo la msiba? Niambie mapema, nijue nikae na uso gani."

Mama yake Marzena, bila kuinua kichwa: "Imekuwa ndefu kuliko foleni yenyewe."

Hapo wakacheka wote wawili mpaka Bi Stefania akashika ukuta. Nasi tumesimama na kurasa mkononi.

Tumejaribu kurasa zote kumi na nne, kwa watu tofauti. Hakucheka hata mmoja. Jana Marzena aliniambia tukiwa nje, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Labda wewe ni wa mambo ya huzuni, Kinga. Si kosa. Na watu wa hivyo wanahitajika." Kisha akasema Darek wa darasa letu ana daftari zima la vichekesho vya tayari. Vyote vinahusu mama mkwe. Darek ana miaka kumi na nane.

Mjomba, miaka mitatu nimekaa dawati la mbele na kwenda nyumbani peke yangu, nikijiambia napenda. Sasa kuna mtu anayeongea nami njia nzima. Akienda kwa Darek sitaweza tena kujiambia napenda.

Umeuliza kurasa zipi. Ni zile zilizokatwa kwa penseli nyekundu. Zote. Nani angehangaika kukata kitu dhaifu? Nilijua hizo ndizo za ushujaa.

Kinga


Szczecin, 2 Desemba 1994

Kinga,

Salamu kwa wote, nyonga nzuri, sasa nisikilize. Nimecheka mpaka Halina amegonga ukuta. Sijacheka hivyo miaka mingi na nakuomba radhi, maana kwako si kichekesho.

Zile kurasa nyekundu tuliziandika ili zikatwe.

Kabla ya kila onyesho tulipeleka nakala tatu ofisi ya ukaguzi. Yule bwana wa penseli alikuwa lazima akate kitu. Asipokata, wakubwa wake wangemuuliza anakula mshahara wa nini. Basi tulimwekea chambo: jenerali hapa, mke wa waziri pale, foleni ya nyama, vitu vinavyoonekana kutoka mbali. Alikata hivyo, akaridhika, akagonga muhuri kwenye vilivyobaki. Vilivyobaki ndivyo tulivyohangaikia wiki nzima. Hatukutaka chambo kiwe kizuri, maana kingekatwa, na kitu kizuri ukikipoteza unaumia. Genek, ndivyo nilivyomwita Eugeniusz, alikuwa bingwa. Angeweza kukaa saa nzima kutafuta sentensi mbaya ya kutosha.

Wewe ulipita kando ya chakula ukawapelekea wageni chambo. Ni kosa la mtu mwenye heshima. Ungekuwa mvivu ungesoma kutoka ukurasa wa kwanza.

Lakini usiende sasa kunakili zile nzuri. Mwambie Marzena ukweli kabla hamjaandika neno jingine. Kisha msikilizeni yule mama anayesema bila kuinua kichwa.

Czesław


Chełm, 18 Desemba 1994

Mjomba mpendwa,

Heri ya Krismasi kutoka kwetu sote. Ndani ya bahasha kuna kipande cha mkate mwembamba wa mkesha, mama amevunja kutoka ule tutakaoula sisi, kwa hiyo hesabu kwamba uko mezani. Kama umefika unga, ule kwa kijiko. Samaki amenunuliwa na yuko hai ndani ya beseni la kuogea. Baba anaoga kwa Bibi.

Sijamwambia Marzena. Nilikusudia, kila siku. Niliwaza: tukipata kitu chetu kwanza, haitauma sana. Na tumekipata! Tulifanya ulivyosema kuhusu mama yake. Tuliacha kalamu, tukakaa tunamsikiliza akiongea na wateja, na Marzena akaanza kuwaleta walimu dukani, mmoja mmoja, kila mmoja na shuka lake. Mwalimu wa fizikia anapima shuka kabla na baada, anagundua limepungua sentimita mbili, anadai zirudishwe. Wa Kirusi, ambaye sasa anafundisha Kiingereza, anataka mashuka yake yageuzwe upande wa pili. Bi Stefania alicheka kwa fizikia. Hata mashine ilizimwa wasikie.

Sasa sikia. Mwalimu mkuu, Bi Gruszecka, anayetufundisha historia, ametaka kusoma kichekesho chote kabla ya tarehe 9 Januari. Nikamwambia Marzena: tumwekee chambo. Nikasema ni wazo langu. Ndiyo, najua. Uwongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Tumeandika kwamba Bi Gruszecka anakuja dukani na bendera nyekundu, anaomba ichemshwe iwe nyeupe, apate kitambaa cha altare. Kila mtu mjini anajua alikokuwa zamani, chamani na wakomunisti, na kanisani anakokaa safu ya mbele sasa. Ataikata palepale, na mengine yatapita.

Ulikuwa hodari sana wewe na Bwana Malec. Kwa nini mliacha?

Kinga


Szczecin, 5 Januari 1995

Mpwa wangu,

Mkate ulifika unga. Nilikula kwa kijiko, Halina pia. Barua yako ilichelewa kwa ajili ya sikukuu na naogopa hii itachelewa zaidi. Kama bado hamjapeleka, toeni hiyo bendera.

Umeuliza kuhusu Malec mara mbili, nitajibu mara moja. Februari 1974 nakala zetu zilirudi kutoka ofisini bila alama. Hata nukta. Labda bwana wa penseli alikuwa mgonjwa na akakaimu mwingine, labda walitaka kuona tutafanya nini. Jenerali na nishani zake, yule yule aliyekatwa mwaka uliotangulia, alikuwa ndani, ana muhuri. Genek akasema: tukikiruka, watajua kilikuwa chambo, na hakuna kitakachopita tena. Kina muhuri, tunakicheza. Mimi nikasema koo linaniuma. Nikafunga skafu. Genek alicheza peke yake, nafasi zote mbili, akihama kiti hadi kiti, na sikuwepo hata ukumbini.

Wiki iliyofuata hakuwa na kazi. Kiangazi akapata nafasi ya upishi kwenye meli, akashuka Malmö, Uswidi, hakurudi. Watu waliniuliza, nikasema niliugua. Mama yako nilimwambia hivyo hivyo, na ndiye aliyenichemshia maziwa na asali.

Koo halikuwa linauma, Kinga.

Usiniandikie tena "ulikuwa hodari."

Czesław


Chełm, 29 Januari 1995

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima. Baridi ni digrii kumi na nne chini ya sifuri na kuku wa bibi wamehamia jikoni kwake. Barua yako ilifika tarehe 12, siku tatu baada ya sisi kupeleka. Nitakueleza yote kwa mfuatano, kwa sababu nikianza kueleza ninavyojisikia sitamaliza.

Asubuhi hiyo hiyo ya tarehe 12 tuliitwa ofisini. Kichekesho chetu kilikuwa mezani, hakina alama.

"Kaeni," akasema Bi Gruszecka.

"Tutasimama tu, mwalimu," akasema Marzena.

"Nimesema kaeni. Ukurasa wa sita. Nani aliandika?"

"Sote wawili."

"Mimi nilipokuwa chuoni Lublin nilikuwa katika kikundi cha vichekesho. Naona hamwamini. Najua kitu kinachowekwa ili kikatwe. Mlitaka nikate, mkanicheke chooni. Sikati. Mmekiandika, mtakicheza, nami nitakaa safu ya kwanza. Nendeni darasani."

Tulikwenda dukani badala yake. Marzena alikuwa mweupe kama mashuka ya mama yake. "Huyu ndiye atakayenihoji historia mwezi wa tano! Historia, Kinga! Sijui hata vita vilianza mwaka gani."

"Thelathini na tisa."

"Si sasa!" Akazunguka mashine mara mbili. "Chambo kilikuwa wazo lako. Wewe ndiye mwenye akili. Haya, toa jingine."

Barua yako ilikuwa mfukoni, nilikuwa nimeisoma njiani. Nikamwambia. Kwamba chambo si wazo langu, kwamba kurasa kumi na nne si zangu, za nani, na kwa nini hazikuchekesha. Nilisema nikitazama sakafu. Sikumwambia kuhusu koo lako, hilo ni lako.

Akazima mashine. "Kwa hiyo miezi mitatu nafanya kazi na mjomba wako."

"Na Bwana Malec."

"Usinichekeshe," akasema, na hakuwa anacheka. Akafungua mlango. "Nenda kwenu."

Siku nne hakunisemesha. Nilitembea mjini baada ya shule, stesheni na kurudi, kwa sababu nyumbani sikuweza kukaa. Nilikuwa na sababu zote za kuugua. Jumapili nilijishika paji la uso kuona kama lina joto, na nikaogopa.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekiandika. Tulipofanya mazoezi ya bendera dukani hakuna aliyecheka, ila Bi Stefania alisema polepole, "Mimi bendera yangu niliishona ikawa foronya." Na mama yake Marzena: "Yetu imeziba dirisha la stoo." Wakabadilisha mazungumzo. Jumapili hiyo usiku niliandika upya ukurasa wa sita. Wateja wote wamepanga foleni, na chini ya mashuka ya kila mmoja kuna kitambaa chekundu. Mwenye duka anapokivuta, kila mmoja anasema, "Hicho? Cha jirani. Nimemshikia tu." Wa mwisho ni Bi Gruszecka, anaweka chake juu ya meza mwenyewe na kusema, "Changu." Halafu niliongeza sentensi tatu za kueleza maana yake.

Jumanne alfajiri niliupitisha chini ya mlango wa duka. Jumatano niliukuta ndani ya dawati langu. Sentensi zangu tatu zilikuwa zimekatwa, na chini, kwa mwandiko mbaya wa Marzena, mwenye duka anamjibu Bi Gruszecka: "Chako? Basi subiri kidogo, mama. Kwanza tumalize vya majirani."

Nilicheka kwa sauti katikati ya somo la fizikia, peke yangu, nikatolewa nje. Nyuma, kutoka dawati la mwisho, nilisikia mtu akikohoa kama anayezuia kicheko.

Dansi lilikuwa tarehe 21. Bi Gruszecka aliigizwa na Marzena. Wateja walipungua mmoja kwa sababu Darek alikuwa amelewa, hakuweza kusimama wima, kwa hiyo nilivalishwa kitambaa cha kichwa nikaingizwa kwenye foleni. Nilikuwa na neno moja la kusema, "Cha jirani." Nililisema mapema mno, kabla kitambaa hakijavutwa. Watu walicheka kuliko kama ningelisema kwa wakati wake. Kicheko kilianzia kwa akina baba huko nyuma, kikaja mbele polepole. Mama alimtazama baba, baba akatazama dari. Nadhani hata kwetu kitambaa hicho kipo. Marzena alipofika na kusema "Changu," ukumbi ulinyamaza kabisa, na jibu la mwenye duka lilipokuja, nilihisi sakafu inatetemeka. Bi Gruszecka sikumwona, taa zilikuwa machoni. Wengine wanasema alicheka, wengine wanasema alitoa leso. Jumatatu alitupa maswali ya historia kama kawaida.

Marzena alicheza dansi na kila mtu. Hakunijia.

Wiki nzima nilingoja, na jana sikuweza tena. Nilikwenda dukani. Mama yake alikuwa ametoka. Marzena hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alinipa ncha mbili za shuka, tukavuta, tukakunja, likaingia kwenye magogo. Tukafanya hivyo mashuka kumi na moja bila neno.

Halafu akasema, "Zile kurasa kumi na nne. Nilikuambia wewe ni hatari."

"Ndiyo."

"Sikucheka hata moja. Sikuzielewa. Niliogopa utaniona mjinga, ukatafute mwingine mwenye alama nzuri."

Nikasema, "Jenerali kwa kweli ni mrefu."

"Mrefu kuliko foleni," akasema Marzena, na akageuza uso haraka, lakini niliuona ukicheka.

Nilivua koti, nikalitundika msumarini, nikashika ncha za shuka la kumi na mbili.

Mpwa wako,
Kinga